Swali la Kumi na Nne

Darasa ni la watoto wa shule ya msingi, Nyawera,
magoti yetu hayaingii chini ya madawati.
Mama Nsimire wa duka la dawa amekaa upande
kama aliyepanda pikipiki na kitenge kipya.
Zihalirwa, fundi bomba, ananusa karatasi kwanza;
anasema mtihani unaonuka wino mbichi hauna huruma.

Mimi ni mlinzi. Miaka kumi na mmoja getini, Muhumba.
Wakubwa wamesema: atakayepata sitini kwa mia
atatoka kwenye mvua, ataingia chumba cha redio,
chumba chenye kiti kinachozunguka.
Nimekiona kiti hicho mara mbili.
Nimekizungusha mara moja.

Mwalimu Murhula anaweka simu mezani, inahesabu.
Dakika arobaini. Maneno thelathini, kisha hadithi ya kusoma.

Maneno ya mwanzo ni wenyeji wangu:
ufunguo, mvua, kitambulisho, subiri hapa.
La sita linanitazama kama mgeni asiye na miadi;
nalo naliambia subiri hapa, napita.
La tisa nililiandika kiganjani jana usiku,
jasho limelila, limebakiza herufi moja
na mkia wa nyingine.

Halafu la kumi na nne.
Kuishi, na kuondoka.
Waingereza wameyatenga kwa i,
fupi kwa anayeishi, ndefu kwa anayeondoka,
na sikio langu, lililozaliwa Kabare,
linasikia kengele ileile.
Wiki tatu mwalimu alituvutisha i hiyo,
tukatoa meno kama beberu aliyenusa mkojo,
bado.

Ndiyo maana daftari langu la wageni limejaa maajabu.
Dereva wa mchanga anaishi saa nne na robo.
Daktari wa chanjo anaishi saa sita kamili.
Binti aliyeleta bahasha hakumaliza dakika tano,
lakini kwa mkono wangu, anaishi.
Mkuu wa ofisi alilisoma siku moja,
akacheka hadi akavua miwani,
akapanda gari lake akaenda.
Saa kumi na moja jioni. Nikaandika: anaishi.

Kisha usiku ule mji ulipofunga milango mapema,
magari meupe yakatoka moja moja, taa zimezimwa,
yakashika njia ya Ruzizi.
Sikuwa na muda wa majina.
Nilipiga mstari, nikawaandikia wote neno moja,
lilelile, na i yangu fupi.
Nikafunga geti.
Nikabaki na mbwa, na jenereta, na daftari.

Sasa karatasi inasema: chagua neno sahihi.
Wageni, nafasi tupu, kabla ya usiku.
Jibu nalijua. Leo nalijua, ndefu, na meno yote nje.
Biki ndiyo imegoma.
Nikiliandika hapa, si kama nimeenda kule
nikafuta ukurasa ule, mstari ule?

Naruka. Nasoma hadithi.
Bwana mmoja amesahau mwavuli ndani ya treni.
Treni sijapanda, lakini mwavuli naujua,
najua pia mtu anavyosimama akikumbuka alichoacha.
Bwana huyu anajisikiaje? Majuto. Herufi C.
Aliupata mwavuli? Hadithi haisemi.
Nao wanataka niweke alama penye «haisemi»,
naweka.

Umeme unakatika, kama kawaida, bila kuaga.
Mama Nsimire anawasha tochi ya simu,
anaiegemeza kwenye kopo la chaki,
nusu ya mwanga kwake, nusu kwangu.
Dakika sita, anasema mwalimu gizani.

Narudi juu.
Naandika neno sahihi, naivuta i mpaka mwisho wake.
Halafu pembeni, kwa herufi ndogo, kwa Kiswahili,
namwachia ujumbe atakayesahihisha:
hapa nimekubali.
Kule daftarini, tafadhali, msiguse.